Merdo ya Mtu Mmoja

Katika shule yetu ya kimataifa pale Bole, mtaa wa mji mkuu wa Uhabeshi, mwalimu aliyekuwa na darasa dogo kuliko wote aliitwa Yeshareg Alemneh. Alifundisha fasihi ya Kiamhari kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho, ile miwili ambayo mtoto huchukua masomo sita, huandika insha ndefu ya utafiti, huhesabiwa saa alizohudumia jamii, kisha hufanya mitihani inayosahihishwa na watu asiowajua katika nchi asizozijua. Alipoajiriwa, viti vya darasa lake havikutosha. Mwaka baada ya mwaka wazazi, tena Wahabeshi wenyewe, wakawahamishia watoto wao kwenye Kifaransa na Kihispania, kwa kuwa Kiamhari, walisema, mtoto anakipata nyumbani bure. Mwaka ninaousimulia alibakiwa na mwanafunzi mmoja.

Chumba cha walimu kilimtania.

"Yeshi, leo darasa limejaa?" mwalimu wa fizikia alimwuliza kila asubuhi huku akikoroga kahawa yake ya maziwa.

"Limejaa. Nusu wamekaa, nusu wamesimama."

"Nusu iliyosimama ni wewe?"

"Ni mimi. Na nusu iliyokaa haijawahi kuchelewa, sijui nusu zako wewe."

Tulicheka, naye alicheka nasi, kisha akachukua vitabu vyake akaenda zake mwisho wa ujia. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi peke yake ghorofa ya nne kwenye nyumba za Gotera, na Jumapili baada ya kanisa alikaanga kahawa. Kahawa kwetu haipikwi kwa ajili ya mtu mmoja. Ina mizunguko mitatu, na mizunguko hiyo ni ya majirani. Yeye aliipika yote mitatu akainywa mwenyewe, maana majirani zake walikuwa vijana wanaoishi milango ikiwa imefungwa.

Mwanafunzi wake aliitwa Rediet Dagnachew. Mama yake alifariki binti angali mchanga. Baba yake, Ato, yaani Bwana, Dagnachew, alikuwa mhandisi wa visima huko Juba, akija nyumbani mara chache kwa mwaka, na binti alilelewa na shangazi yake, aliyeitwa kwa heshima Etiye Tewabech, mtaa wa Kazanchis. Alikuwa binti mwenye kucheka kwa urahisi na kuuliza sana. Siku moja aliingia darasani amenuna.

"Mwalimu, wenzangu wananisema. Eti nasomea lugha ya kuomba chumvi kwa jirani."

"Waambie hata chumvi kuna anayejua kuiomba akapewa, na kuna anayeiomba akafukuzwa."

Binti akacheka, akafungua kitabu. Siku nyingine alitoka kwenye lile somo lao la nadharia ya maarifa, ambalo kila mwanafunzi wa programu ile lazima alipitie, akaanza kabla hajaketi.

"Leo tumeulizwa, unajuaje unachokijua?"

"Ukajibu nini?"

"Nikasema, nimeambiwa na mtu ninayemwamini."

"Na mtu huyo akidanganya?"

Rediet akafikiri. "Basi sijui kitu," akasema, na wakaendelea na ushairi.

Kitu kimoja binti huyu alikificha. Baba yake alitaka awe daktari, na kwa udaktari ilimpasa achukue kemia kwa ngazi ya juu. Yeye aliichukua kwa ngazi ya kawaida, akaweka Kiamhari juu, na shangazi akatia sahihi. Baba hakuambiwa. Miaka miwili alipouliza habari za kemia alijibiwa kwamba inakwenda vizuri. Mimi sioni uongo mdogo na uongo mkubwa. Naona uongo, na naona watu wanaoulipia. Sikukuu ya Fasika, Pasaka yetu, ilipofika, kondoo amechinjwa na mfungo umekwisha, Ato Dagnachew alipiga simu kutoka Juba kutoa salamu, na Rediet, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu na moyo ulimsuta, akamwambia ukweli. Baba akasema, "Miaka miwili umenidanganya, Rediye," akakata simu.

Wiki iliyofuata Ato Dagnachew aliketi kwenye kivuli cha gari lake kando ya kisima huko Juba, akasema amechoka kidogo, na hakuinuka tena.

Etiye Tewabech alifika Gotera kesho yake jioni, amevaa nguo nyeusi, akiegemea ukuta wa ngazi kwa kukosa pumzi. Yeshareg alipomwona tu alijua. Alimkalisha, akalia naye, akamletea maji. Mama yule alipokunywa maji akasema kilichomleta.

"Mtoto hajui, na hatajua mpaka aweke kalamu chini. Nimemwambia msimamizi wa bweni la shule ampokee leo hii, nimesema nyumbani kuna kelele za mafundi, hasomi. Kumbe ni hema la msiba. Jeneza linakuja kwa ndege keshokutwa, tunakwenda kumzika Debre Birhan kwa wazee wake."

"Bila yeye?"

"Bila yeye. Mtihani wa mwisho si ni wako, wa Kiamhari? Akimaliza huo, kesho yake alfajiri tutakuja sote, ukoo mzima, tumpe merdo yake kama inavyotakiwa. Wewe ndiye unayekaa naye kila siku. Uso wako usinivunjie kazi, dada yangu."

"Na shule?"

"Shule ikijua, yule mama Mkanada anayesimamia programu yao atamwita ofisini amshike mkono amwambie pole mchana kweupe, kama anavyoambiwa mtu aliyepoteza mwavuli. Hapana. Huyu Dagnachew ndiye aliyeutaka mtihani huu kuliko sisi sote."

Merdo ni tanzia, lakini kwetu tanzia haitolewi kwa simu wala njiani. Aliyefiwa huachwa alale usingizi wake wote, na kukipambazuka huamka akaikuta nyumba imejaa watu wa ukoo waliojitanda netela, zile shuka nyepesi nyeupe, ndipo mmoja apige ukelele na wote walie pamoja naye. Ni desturi ya huruma. Inasema mtu asipokee kifo akiwa peke yake. Lakini watu wameichukua huruma hiyo wakaitia kwenye mizani ya mitihani, ya viza, ya harusi, na siku zinazoongezwa si za kumlinda mfiwa tena. Ni za kulinda kile tunachokitaka kutoka kwake.

Yeshareg aliyajua haya mwilini mwake. Katika ujana wake alisomeshwa Kharkov, miaka ile nchi yetu ilipopeleka vijana wake huko kwa ndege nzima nzima. Aliporudi alishuka uwanjani na shali ya sufu kwenye sanduku, nyeusi yenye maua mekundu, aliyomnunulia mama yake kwa kujinyima. Wajomba walimpokea kwa vicheko, wakamlisha kwa mikono yao, wakamwambia mama yuko Dessie, barabara imefungwa, alale kwanza. Alfajiri aliamka nyumba imejaa netela. Mama alikuwa amezikwa tangu mwaka wake wa pili kule Urusi ya wakati ule.

"Niliamka nikiwa yatima wa siku nyingi," aliniambia. "Wenzangu wote walikuwa wamekwisha kulia, wamekwisha kunyamaza. Walikuja kulia tena kwa adabu tu. Nililia peke yangu katikati ya watu."

Shali ile hakuivaa wala hakuitoa. Ilikaa ndani ya lile sanduku chini ya kitanda.

Pamoja na hayo, Etiye Tewabech alipoinuka kuondoka, Yeshareg aliitikia kwa kichwa. Msiba ni wa wenyewe, alijiambia. Yeye ni mwalimu tu.

Jeneza lilikuja. Shule yetu iko chini ya njia ya ndege zinazotua, na mchana ule Rediet alikuwa darasani akisoma shairi kwa sauti. Ndege ikapita juu. Kama ilivyokuwa kawaida yao akanyamaza mpaka kelele ipite, kidole kikiwa kwenye mstari alioishia, kisha akaendelea. Yeshareg aliangalia dirishani mpaka binti alipomaliza ubeti.

Mitihani ikaanza. Kila siku alimwona Rediet akitoka kwenye ukumbi, na kila siku binti alikuja mwisho wa ujia kusoma Kiamhari, na kila siku alicheka kidogo kuliko jana. Yeshareg naye alijikuta anaongea mno, anasahihisha mno, anafungua kitabu kabla binti hajafungua kinywa. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Chumba cha walimu kilikuwa kikiuliza kama kawaida kama darasa limejaa, naye hakujibu tena, na sisi tulidhani ni wasiwasi wa mitihani.

Mwisho Rediet mwenyewe alifunga kitabu.

"Mwalimu, naomba nikuambie kitu usinikasirikie. Baba amenitupa."

"Nani kasema?"

"Nani aseme? Alinikatia simu siku ya Fasika. Tangu hapo kimya. Napiga, simu imezimwa. Shangazi anasema Juba mtandao mbovu. Mtandao gani mbovu majuma yote haya? Amenizimia mimi." Alikuwa haangalii uso wa mwalimu wake. "Na ni haki yake. Nilimdanganya kwa ajili ya somo hili. Kwa hiyo nimeamua."

"Umeamua nini?"

"Jumatatu nitaingia kwenye mtihani wako, nitaandika jina langu, nitawarudishia karatasi tupu. Nitamtumia ujumbe nimwambie, baba, nimekiacha Kiamhari, mwakani narudia na kemia. Hapo atapiga. Baba hawezi kukaa na hasira mtu akishapiga magoti."

"Rediye, usifanye hivyo."

"Kwa nini? Kwa sababu huna mwanafunzi mwingine?"

Lilitoka kinywani na binti akajishika mdomo. Yeshareg hakukasirika. Alikuwa akiitazama ile hesabu mpya iliyoandikwa mbele yake. Kimya kile kilichonuiwa kumlinda mtoto kilikuwa kimegeuka sauti ya baba yake, na kila siku kilimwambia jambo ambalo marehemu hakulisema.

"Nipe mpaka kesho," akamwambia. "Usimwandikie mtu yeyote ujumbe wowote. Kesho nitakujibu."

Alitoka pale moja kwa moja mpaka Kazanchis, maana hakuwa mtu wa kumzunguka mwenye msiba. Hema lilikwisha kuondolewa. Mabenchi ya chama cha mazishi yalikuwa yamepangwa ukutani yakisubiri kuchukuliwa. Alimweleza Etiye Tewabech kila neno la binti.

"Siku chache tu zimebaki," mama yule alisema.

"Siku hizo chache anakaa akiamini baba yake kamtupa. Nenda wewe leo. Nenda na watu wako, mimi nitafuata nyuma."

"Akiambiwa leo atakaa mtihani gani? Utakaa wewe?"

"Hata sasa hakai, Etiye. Ameniambia atarudisha karatasi tupu."

"Mtoto huyo anatisha watu tu. Mwalimu mzima, unashindwa kumtuliza? Au wewe unalitaka darasa lako, ndiyo maana?"

"Darasa langu linakufa hata akifaulu."

"Basi acha wenye maiti wafanye yao." Etiye Tewabech alisimama, akaufungua mlango. "Ukimwambia, usinijue. Nami sitakujua."

Yeshareg alirudi Gotera. Alilitoa sanduku chini ya kitanda.

Kulipoanza kupambazuka mlinzi wa lango letu la nyuma, Gashe Shibiru, mzee wa Gojjam aliyekuwa askari zamani, alimwona mtu anakuja peke yake barabarani, amevaa gauni jeusi, netela imegeuzwa pindo lake la nakshi limepanda mabegani, namna anavyoivaa mfiwa. Alipomtambua akafungua lango kidogo.

"Mwalimu Yeshi! Umefiwa na nani, dada yangu?"

"Si mimi. Ni yule binti wa Dagnachew, bwenini."

Mzee alichungulia nyuma yake, kushoto na kulia. "Watu wako wapi?"

"Hakuna watu, Gashe."

"Merdo ya mtu mmoja?" Alimtazama kama anayemwona amevaa viatu kichwani. "Hiyo haipo. Tangu nizaliwe sijaiona."

"Nifungulie, jua litatoka."

Gashe Shibiru alifungua lango. Kisha akavua kofia yake ya kazi, akaitundika kwenye msumari wa kibanda, akaegemeza rungu. "Huyo baba yake alinisalimu kila alipokuja," alisema. "Tangulia. Nitasimama mlangoni, angalau asikie sauti ya mwanamume."

Rediet alikuwa amelala, mkono umening'inia nje ya kitanda, karatasi za mitihani ya nyuma zimetapakaa sakafuni. Yeshareg aliketi ukingoni mwa kitanda akangoja. Hakumgusa. Binti alipofumbua macho aliona kwanza netela, kisha uso, kisha yule mzee mlangoni bila kofia. Mtoto wa Kihabeshi haambiwi zaidi ya hapo. Akapiga ukelele.

Yeshareg alilia naye, akipiga kifua chake kama walivyofanya wajomba zake, na mzee mlangoni akaitikia kwa sauti nzito, "Ndugu yangu! Ndugu yangu Dagnachew!" Sauti zilikuwa mbili tu, chumba kikubwa. Wasichana wa mataifa mengine walijitokeza ujiani na nguo za kulalia, wakasimama wasijue pa kuweka mikono.

Baadaye, alipoweza kusema, binti aliuliza, "Lini?"

Yeshareg akamwambia.

"Amezikwa?"

"Amezikwa. Debre Birhan."

"Ulijua? Siku zile zote tunasoma, ulijua?"

"Nilijua."

Rediet alijisogeza mbali naye mpaka ukutani. Kutoka pale akauliza kwa sauti ndogo, "Alikufa akiwa amenikasirikia?"

Hapo ndipo mtu mwingine angesema hapana. Angesema baba alikwisha kusamehe, alimtaja jina mwishoni, alikuwa karibu kupiga. Neno hilo lingekuwa tamu, na halingegharimu kitu asubuhi ile.

"Sijui," Yeshareg alisema. "Hakuna ajuaye. Najua tu kwamba hakukutupa. Kimya kile hakikuwa chake, kilikuwa chetu."

Binti alitetemeka kwa baridi ya alfajiri, na bwenini hakuwa na nguo nyeusi hata moja. Yeshareg alifungua mfuko wake akatoa shali ya Kharkov, akaigeuza ndani nje ili maua mekundu yasionekane, akamfunika.

Kufikia saa mbili Etiye Tewabech, aliyepigiwa simu na msimamizi wa bweni, alikuwa langoni na gari, akimchukua mtoto kwenda kaburini. Alimpita Yeshareg kama anayepita nguzo.

Jumatatu chumba cha mtihani wa Kiamhari kilifunguliwa kama sheria inavyotaka. Dawati moja, kiti kimoja, bahasha imefungwa. Mwalimu haruhusiwi kusimamia somo lake, kwa hiyo Yeshareg alikaa darasani kwake, ng'ambo ya ua, akiuangalia mlango ule. Msimamizi alingoja muda wote uliowekwa wa kuchelewa, kisha akatoka na bahasha ile ile kwapani, akafunga mlango. Rediet alikuwa Debre Birhan. Mratibu wetu Mkanada alisema laiti shule ingeambiwa siku ya kwanza ya msiba, programu ina njia za kumsaidia mtoto katika hali kama hiyo. Sasa imebaki kuomba na kusubiri, na pengine kurudia. Alisema kwa upole, na kila mtu katika chumba cha walimu alimtazama Yeshareg.

Chumba cha walimu hakikumtania tena. Ingekuwa afadhali kingemtania.

"Ungesubiri kidogo tu, Yeshi," mwalimu wa fizikia alimwambia. "Siku ngapi zile? Mtoto angemaliza."

"Angemaliza nini?" alijibu, na hakuulizwa tena.

Mimi nasema alifanya sawa, tena alichelewa kufanya sawa, na hilo alilijua mwenyewe. Huruma inayomfanya mtoto amwombe radhi marehemu aliyedhani yu hai si huruma. Lakini mtu anayesema kweli pale ambapo ukoo mzima umekubaliana kunyamaza asitarajie kualikwa kahawa. Yeshareg hakualikwa.

Siku ya arobaini alipanda basi kwenda Debre Birhan bila kualikwa. Kule ni baridi hata jua likiwaka. Uani kwa wazee wa Dagnachew watu walikuwa wanakula, makasisi wamekwisha kusoma. Etiye Tewabech alimwona akaingia ndani. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemnawisha mikono. Alisimama karibu na ukuta wa mawe pamoja na watu waliopita njia.

Rediet alimfuata pale. Alikuwa amenyoa nywele, na mabegani alikuwa na shali ile, bado imegeuzwa ndani nje.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kuaga marehemu. Sikumzika."

"Hata mimi." Binti aliangalia chini. "Shangazi anasema Novemba kuna mtihani mwingine. Anataka nirudie na kemia. Bado sijamjibu."

"Usimjibu kwa hasira. Wala kwa majuto."

Mtu alimwita Rediet kutoka upande wa jikoni, hakwenda.

"Mwalimu, kila siku nakaa nafikiri. Kuna saa nakushukuru, kuna saa nakuchukia. Leo sijui ni saa gani."

"Sikuja kushukuriwa, Rediye."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia." Alianza kuivua shali. "Hii ni yako."

"Kaa nayo. Niliinunua kwa ajili ya mtu, sikumkuta."

Binti hakuuliza mtu gani. Aliirudisha mabegani, akaenda kule alikoitwa. Yeshareg alikwenda peke yake makaburini, akasimama mbele ya msalaba mpya wa mbao uliokuwa bado unanuka rangi, akasema alilokuja kusema, akashuka hadi kituo cha basi.

Mwaka mpya ulipoanza, mwezi wa Meskerem, Kiamhari hakikuwa kwenye ratiba ya miaka ya mwisho. Walimhamishia kwa watoto wadogo, kuwafundisha majina ya wanyama na rangi. Chumba cha mwisho wa ujia kikawekwa viti vilivyovunjika. Jumapili bado anakaanga kahawa yake, na mizunguko yote mitatu anaimaliza.